Mfano wa Kuchachamaa

Ilikuwepo nchi, na nchi yenyewe haipo, kwa hiyo asijikune mtu kabla hajawashwa. Jina haikuwa nalo. Tume ya Majina ilikuwa kikaoni mwaka wa kumi na tisa, na mpaka hapo wajumbe walikuwa wameafikiana juu ya herufi ya kwanza tu, nayo waliiweka siri isije ikaibwa na majirani. Raia wa nchi hiyo wakiulizwa na wageni wanatoka wapi, walinyoosha kidole wakasema, kule.

Kule, katika mtaa wa Matangini, ulioitwa hivyo kwa heshima ya matangi ya maji ambayo yalikuwa yajengwe, aliishi mjane mmoja muuza vitumbua, Siwatu binti Mgeni. Alikuwa mpole kiasi kwamba paka akiingia jikoni, alimwomba radhi kwanza ndipo amfukuze. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba viwili na jina lisilo na doa. Nyumba ilikwisha kuvuja. Jina ndilo lililobaki zima, na Siwatu alilitunza kama watu wanavyotunza sanda: halivaliwi kila siku, lakini lazima lijulikane lipo.

Ng'ambo ya ua wake wa makuti aliishi Mashavu binti Kombo. Hao wawili walichezwa unyago pamoja, wakaolewa wiki moja, wakafiwa na waume mwaka mmoja. Kati yao palikuwa na bakuli. Lilikuwa la bati, jeupe, lenye maua mekundu na pengo moja ukingoni, na nani alilinunua hakuna aliyekumbuka. Kwa miaka arobaini na mmoja lilivuka ua asubuhi likiwa na vitumbua, likarudi jioni likiwa na mbaazi, au kunde, au kipande cha muhogo. Sharti lake halikuandikwa popote: bakuli halirudi tupu. Hata mwaka ule wa njaa, ambao Serikali iliuita mwaka wa kupunguza uzito, bakuli lilirudi na ndimu moja ndani. Siku nyingine lilirudi na jani la mchaichai. Lakini lilirudi na kitu.

*

Sasa ikawa Mlezi wa Taifa, ndivyo alivyoitwa mkubwa wa nchi, akaenda kwenye mkutano wa wakuu wenzake. Huko, baada ya chakula, kila mkuu alilalamika juu ya raia zake waliokuwa na siasa kali. Mmoja alisema ana mia. Mwingine alisema ana mlima mzima, hana pa kuwaweka. Wa tatu alisema wake wamezidi hata anafikiria kuwahesabu kwa kilo. Ilipofika zamu ya Mlezi, akasema kwa fahari kwamba wake wametulia wote. Wenzake wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja harusini na kanzu ya kuazima, tena fupi.

Alirudi nyumbani damu imempanda. Aliwaita mawaziri akawauliza: watu milioni tisa, hata mmoja? Mawaziri waliangalia zulia. Waziri wa Usalama alitoa machozi, akasema si kwamba hakujaribu.

Ukafanywa uchunguzi, ikaonekana kasoro ni lugha. Neno la kienyeji la kumwita mtu wa namna hiyo lilikuwa halipo. Na mtu atakuwaje kitu ambacho hakina jina? Ikaundwa Tume ya Neno, chini ya Bwana Pandu Mzingo, msomi aliyesoma mbali hata njia ya kurudi ilimpotea, akarudishwa na ubalozi.

Tume ilikaa miezi minne. Lilipendekezwa "kuwaka", Wizara ya Umeme ikaona inasutwa. Lilipendekezwa "kuvimba", mawaziri wakaangalia matumbo yao. Lilipendekezwa "kupanda", likakataliwa kwa sababu kupanda kulikuwa ni haki ya bei peke yake. Mwishowe mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbi alisema kwao mtu akiwa hivyo husemwa amechachamaa. Tume ilisimama ikampigia makofi, ikampa cheti, halafu ikamfukuza kazi kwa kuzungumza kikaoni.

Neno likapatikana. Ikabaki maana, na maana aliiandika Bwana Pandu kwa mkono wake:

*Kuchachamaa: kitendo cha raia kuuliza kwa mara ya pili jambo ambalo Serikali imekwisha kulijibu kwa kunyamaza.*

Aliisoma redioni, akaifafanua kwa wasiosoma. Alisema swali la kwanza ni haki ya kila raia, na Serikali inalipenda, inalisikia, inalitunza. Swali la pili ni itikadi.

Lakini Sheria ya Kamusi ya nchi hiyo ilikuwa kali kuliko sheria ya wizi. Ilisema neno lisilo na mfano ni uzushi. Ilisema mfano lazima uwe wa kweli, wenye jina kamili la mtu na mahali anapokaa, na uwe umetamkwa na mzawa wa lugha mwenye akili timamu. Tume ikatawanyika nchi nzima kumtafuta mtu mmoja aliyeuliza mara mbili. Wakazunguka msimu mzima. Waliwakuta watu wengi waliokuwa hawajauliza hata mara ya kwanza, na wengine waliojibu kabla ya kuulizwa.

*

Siku hizo hizo Injinia Mkuu wa Maji alikuja Matangini kufungua bomba. Utepe ulikatwa, bomba likafunguliwa, likakohoa, likatoa mjusi. Watu wakapiga makofi, na mjusi akaondoka kwa heshima zote. Injinia akauliza kama kuna mwenye swali, kama ilivyo desturi, akaanza kukusanya karatasi zake, kama ilivyo desturi.

Siwatu alisimama. Unga wa vitumbua vyake ulikuwa unalowekwa kwa maji ya kisimani, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na magoti yake yalikwisha kumpa taarifa. Aliuliza kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani: maji yenyewe yatatoka lini?

Injinia alikuwa na soda. Aliinywa mpaka chini, akaitazama mbingu wingu kwa wingu. Kimya kikakaa. Siwatu akataka kukaa nacho. Ndipo alipohisi kiwiko ubavuni. Kilikuwa cha Mashavu.

"Uliza tena, mwenzangu," Mashavu alimnong'oneza. "Hajakusikia."

Siwatu hakuwahi kumkatalia Mashavu jambo tangu walipokuwa wari. Akauliza tena. Injinia akafunga mkutano, na mtu mmoja nyuma, ambaye wote walimdhania ni mwenye viti vya kukodisha, akaandika kitu kwenye faili.

Siku ya tatu Tume ya Neno ikaingia Matangini, nyumba kwa nyumba, na fomu zake. Nyumba ya Siwatu waliiruka. Siwatu hakuona vibaya, alidhani zamu yake itafika. Aliwaona wakiingia kwa Mashavu, akasikia vikombe, akasikia kicheko cha Mashavu cha kupokelea wageni wakubwa, kile cha puani.

Jioni bakuli lilirudi. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa, na ndani hamkuwa na kitu. Siwatu aliligeuza akatazama hata chini yake. Akajiambia mbaazi zimeungua. Kesho yake alipeleka vitumbua, akaongeza viwili. Bakuli likarudi tupu. Akajiambia Mashavu anaumwa, hataki kusema. Keshokutwa hakuna bakuli lililorudi.

Wiki iliyofuata mafundi walichimba mtaro. Ulipita mbele ya mlango wa Siwatu, ukakata kona, ukaingia uani kwa Mashavu. Maji yalipotoka, mtu wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Siwatu. Alipiga mpaka koo likakauka, maana upande wake maji bado. Watu walipojiuliza kwa nini Mashavu na si mwingine, Siwatu ndiye aliyewajibu kwamba riziki haina mwenyewe, na kwamba Mashavu ni kama yeye.

*

Kamusi ilichapwa nakala elfu arobaini, ikagawiwa shuleni.

Asubuhi moja Siwatu alikuwa akipeleka vitumbua vya walimu, beseni kichwani, akapita chini ya dirisha la darasa la nne. Mwalimu alitaja neno, darasa likajibu kwa mahadhi, mara tatu, kama jedwali la kuzidisha: Siwatu binti Mgeni wa Matangini alichachamaa mbele ya Injinia.

Kwa nusu pumzi alifurahi. Jina lake zima halikuwahi kutajwa na watu wengi namna ile tangu siku ya ndoa yake. Halafu maana ikamfikia. Redio alikuwa nayo, na alikwisha kumsikia Bwana Pandu. Mwalimu alimwona, akafunga dirisha. Akalifungua kidogo, akapokea vitumbua, akalifunga tena. Tangu siku hiyo walimu walikula maandazi ya mtaa wa pili.

Hakuna aliyemtukana. Matangini ni mahali pa adabu. Kisimani ndoo zilimpisha, zote kwa pamoja, akachota peke yake kama malkia. Harusini, ambako yeye ndiye aliyekuwa akikoleza nazi ya wali wa kwanza, aliambiwa apumzike, umri umekwenda. Msibani walimtandikia jamvi la peke yake, tena zuri, tena mbali. Watu waliokuwa wakimwita Bi Siwatu sasa walimwita "yule", wakigeuka kutazama nyuma.

Na kila Ijumaa asubuhi alikuja Karani Mbwera. Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye viatu vya kustaafia. Alikaa barazani kwa Siwatu, akafungua daftari, akauliza: Bi Siwatu, umechachamaa wiki hii?

Siwatu alijibu kwamba hapana, hakuwa na nafasi.

Karani akashusha pumzi. Akamweleza kwamba kifungu cha sita kinasema mfano ukishachapwa haubadiliki. Ikiwa kamusi inasema Siwatu amechachamaa, na Siwatu mwenyewe amekaa anakoroga unga kwa amani, basi kamusi imesema uongo mara elfu arobaini, na kifungo cha uongo wa chapa ni miaka sita, kwa karani mhusika. Siwatu akauliza karani mhusika ni nani. Mbwera akasema ni yeye.

Siwatu aliona huruma. Wakatafuta njia. Mbwera alipendekeza amuulize kitu chochote, naye kama mtumishi wa Serikali atanyamaza, halafu amuulize tena, waandike, waachane.

"Umekula?" Siwatu alimuuliza.

Mbwera akanyamaza, kama walivyokubaliana. Alinyamaza vizuri, kwa mafunzo. Siwatu akamtazama jinsi kola ilivyomzidi shingo, akashindwa. Hakuuliza tena. Aliinuka akamletea vitumbua vinne na chai. Karani alikula mpaka cha mwisho, halafu kwenye daftari, mbele ya tarehe, akapiga mstari mtupu. Ikawa ndiyo kazi ya kila Ijumaa: swali moja, vitumbua vinne, mstari mtupu.

*

Siwatu alikwenda Tume ya Neno kuomba jina lake. Alivaa kanga zake za sikukuu. Bwana Pandu Mzingo alimpokea kwa kusimama, akamwekea kiti, akamhutubia.

"Bibi," alisema, "wangapi wamezaliwa nchi hii wakafa bila kuingia hata kwenye daftari la zahanati? Wewe umo ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mlezi wa Taifa amekutaja ng'ambo, mbele ya wakuu wenzake, na wakuu wenzake wakampa mkono. Kabla yako tulikuwa taifa la watu waliokaa tu. Wewe ni Mfano wa Taifa. Unataka nini zaidi?"

Siwatu alisema anataka kutoka.

Bwana Pandu alicheka kwa upendo. Akamfahamisha kwamba mfano hautoki, mfano si mgeni. Ila kipo kifungu cha saba: mfano hufutwa na yule aliyeutamka, peke yake, kwa hiari yake, mbele ya karani. Akiufuta yeye, Siwatu anarudi kuwa mtu wa kawaida saa hiyo hiyo, na watoto watafundishwa kumsahau.

Siwatu akauliza nani aliutamka. Bwana Pandu akajibu kwamba hiyo ni siri ya dola, na kwa ajili ya yule aliyeipa habari, Tume itanyamaza hadi kaburini. Siwatu alimeza swali la pili, likapita kwa shida.

Alipotoka, Karani Mbwera alimfuata ukumbini na kamusi mkononi, akaifungua mia mbili na kumi na mbili. Siri ilikuwa siri, alisema, lakini Tume ni watu wa shukrani. Akamwonyesha chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Siwatu alisoma mwenyewe, kidole kwenye kila herufi, kama alivyofundishwa darasa la pili. *Tunamshukuru Mashavu binti Kombo, msemaji mzawa wa daraja la kwanza, aliyetupa mfano huu.* Kombo lina herufi tano. Alizipitia zote, kwanza mbele, halafu nyuma, hazikutoa jina jingine.

*

Alimkuta Mashavu uani, anakinga ndoo. Bomba lilikuwa limefungwa kitambaa shingoni, kama mtoto mwenye kifua.

"Karibu, shoga," Mashavu alisema, bila kuinua macho.

"Mashavu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili."

Mashavu aliendelea kukinga. Alisimulia kwamba walikuja watu wa heshima, wakakalia viti vyake, wakanywa chai yake bila kuuliza sukari iko wapi. Walitaka jina la mtu mmoja tu. Walisema ni sifa. Walisema mtaa utakaotoa mfano utakumbukwa, na nyumba itakayoutoa itakumbukwa kwanza.

"Ningewapa la nani?" alisema. "La mtu nisiyemjua? Ungekuwa uongo."

"Wewe ndiye uliyenigusa kiwiko."

"Nilikugusa. Mdomo uliufungua mwenyewe."

Siwatu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakulia. Alimweleza kifungu cha saba polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba ya msiba. Neno moja mbele ya Karani Mbwera, basi. Alisema hataki bomba, hataki radhi, anataka jina lake alilopewa na baba yake na kuachiwa na mumewe, afe nalo.

Ndoo ilijaa. Mashavu akaiondoa, akaweka nyingine.

"Nikifuta, nitakuwa nimeidanganya Tume. Na hili," akalipiga bomba kwa kiganja, kama mtu anavyopiga ng'ombe wake mgongoni, "watalikata kabla ndoo haijajaa. Mwenzangu, wewe la jina umekwisha kulizoea. Mimi maji ndiyo kwanza nayazoea."

Siwatu aliinuka. Karibu na mlango wa banda aliliona bakuli, maua mekundu na pengo lake ukingoni. Kuku watatu walikuwa wanalinywea maji. Aliwaomba radhi kuku, akalichukua, akalimwaga, akaenda nalo kwake.

*

Mwaka haukuisha, Mlezi akasafiri tena. Safari hii wakuu wenzake walikuwa wamekuja na marafiki zao. Yeye alikuwa na walinzi. Akarudi na agizo: kamusi iongezwe toleo la pili, na neno "rafiki" liwemo.

Maana ilipatikana upesi, Bwana Pandu akaiandika kabla ya chai: *Rafiki: raia ajaye kwa mwenzake bila kuitwa, na mikono isiyo mitupu.* Taabu ikawa mfano. Wilaya tatu ziliulizwa, kila mtu akasema alikuwa naye mmoja lakini amefariki. Tume ilianza kutokwa jasho, na jasho lilipomfikia Karani Mbwera, alikuja Matangini siku isiyo Ijumaa.

Alimwambia Siwatu kwamba kwa kifungu cha tisa, Mfano wa Taifa ni msemaji mzawa wa madaraja yote, kwa hiyo anaruhusiwa kutamka. Je, analo jina?

Siwatu aligeuza vitumbua. Alifikiri kwa muda mrefu hata upande mmoja ukaungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kikaango kile. Kisha akatamka, na Mbwera akaandika neno kwa neno: *Mashavu binti Kombo wa Matangini ni rafiki wa Siwatu binti Mgeni, kila Ijumaa humletea bakuli, na bakuli haliji tupu.*

Karani aliinua kalamu akamtazama. Alimkumbusha kifungu cha sita. Mfano ukishachapwa haubadiliki, na atalazimika kuhakikisha kila wiki. Siwatu alisema anakikumbuka vizuri kifungu cha sita, wanafahamiana.

Wapo wasemao alilipiza kisasi. Wapo wasemao alipekua moyo mzima asipate jina jingine. Wote wana ukweli, wagawane.

*

Toleo la pili likatoka, na Ijumaa ya kwanza Mashavu, akihofia Tume isije ikamkatia bomba, alikuja na bakuli. Siwatu alikuwa amempelekea usiku wa kuamkia siku hiyo, limeoshwa. Lilikuwa na kiporo cha ubwabwa. Mashavu alikaa kwenye kigoda dakika sitini kamili, kwa saa ya karani, akizungumzia mvua. Mbwera aliandika alama ya ndiyo kwa rafiki, mstari mtupu kwa kuchachamaa, akala vitumbua vyake, wakatawanyika.

Ikawa hivyo wiki kwa wiki. Mashavu alileta kunde bila chumvi, muhogo wenye nyuzi, siku moja alileta ndizi moja na ganda la nyingine. Sheria ilisema haliji tupu, haikusema lije na nini. Siwatu alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, mwenzangu. Zamani walikuwa wakichekeana mpaka machozi juu ya ua ule bila kuonana uso. Sasa walikaa goti kwa goti, na kicheko hakikuwa na fomu.

Naye Mashavu akaanza kuonja. Watoto waliimba mfano mpya chini ya dirisha lake, na kila aliyesikia "rafiki wa Siwatu" alijua Siwatu yuko ukurasa gani. Wanawake waliopanga foleni bombani kwake wakawa wanapita na ndoo kavu kwenda kisimani, wakimsalimu kwa mbali, kwa adabu. Maji yalimwagika tu, hana wa kumpa, hana wa kumnyima. Bomba lisilo na foleni ni chuma.

Ijumaa moja ya masika, mvua inanyesha tangu alfajiri, Mashavu aliingia amefunika bakuli kwa kawa. Siwatu akafunua. Zilikuwa mbaazi, za nazi, tui limekolea juu kama zile za miaka yote. Harufu yake ilimfanya asahau kusema ahsante. Karani Mbwera naye alinusa, akavuta daftari karibu.

"Shoga," Mashavu alianza, "tuseme kikubwa. Mimi niko tayari kufuta."

Siwatu aliweka bakuli magotini.

"Nitasema sikusikia vizuri, hukuuliza mara mbili, ulikuwa mwangwi. Bomba walikate, wachukue na mabomba yao yote, nimechoka. Jina lako litoke leo hii."

Moyo wa Siwatu, ambao ulikuwa umekaa kimya kama wa mtu anayesubiri dripu, uliamka. Analiacha bomba, alijiambia. Analiacha kwa ajili yangu.

"Na wewe ufute langu," Mashavu akamaliza. "Karani huyu hapa, wino upo. Wewe saini, mimi saini. Mimi nisiwe rafiki yako, wewe usiwe ulichokuwa. Kila mtu arudi kwake."

Karani alikwisha kutoa fomu mbili, akazifuta matone. Aliziweka juu ya kigoda, kalamu katikati.

Siwatu alizitazama. Jina lake lote lilikuwa pale, kwenye mstari mmoja wenye nukta nukta. Angepiga saini, na kesho angekaanga vitumbua vya walimu, angekoleza nazi ya harusi, angekaa jamvi moja na wenzake. Hakuwa ameomba kitu kingine tangu mwanzo. Akalitazama bakuli, mbaazi zinatoa mvuke, akajua sasa kwa nini zimepikwa vizuri hivyo.

"Mashavu," alisema. "Nikifuta, Ijumaa ijayo utakuja?"

Mashavu aliweka kanga sawa begani. Akaangalia mvua, kwanza ya karibu, halafu ya mbali. Maji yalidondoka kwenye kopo chini ya paa, tone baada ya tone, na kopo likajaa, likaanza kumwagika.

Kunyamaza Siwatu alikuwa anakujua. Alifundishwa mkutanoni mbele ya watu, na kulikuwa kumechapwa. Mwanamke mwenye akili angeshika kalamu. Ubavuni mwake, pale kilipopita kiwiko, palikuwa patulivu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumsukuma.

"Nakuuliza tena, Mashavu," alisema. "Utakuja?"

Karani Mbwera, aliyekuwa amepiga mistari mitupu miezi ishirini na miwili, alilamba ncha ya kalamu, akaangalia saa yake, akaandika mbele ya tarehe kwa mwandiko wa kupendeza: *mfano umehakikiwa*. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haya, akageuza kiti chake akatazama ukutani.